Mlango wa kushoto

Tulirudi kwenye gari saa tisa na nusu, mimi na wageni wangu wawili, miguu imejaa mchanga wa Paje. Mlango wa kushoto, ule wa kuteleza, ulikuwa umefungwa mpaka mwisho kama nilivyouacha. Yule mgeni mwanamke akauvuta, ukafunguka. Hakushtuka, alidhani nimeshafungua. Mimi ndiye niliyebaki na rimoti mkononi, kidole juu ya kitufe ambacho nilikuwa bado sijakibonyeza.

Begi la mgongoni lililokuwa chini ya kiti cha kati halikuwapo. Ndani yake mlikuwa na kamera, pesa zao za safari na dawa za pumu za mume. Paspoti, alhamdulillahi, walikuwa wameziacha hoteli.

Hiyo ilikuwa Julai 2019, kusi limeshika, pwani nzima inavuma mchanga. Mimi nachukua wageni kwa gari ya watu wanane, hizi ambazo Unguja mtu anaziita Noah hata kama si Noah. Asubuhi Jozani kwa kima punju, mchana Paje au Jambiani, magharibi nyumbani. Gari inalala kwangu mjini lakini mchana wake wote ni wa pwani, na hilo lina maana kubwa kuliko nilivyokuwa nikidhani.

Kituoni askari aliizunguka gari mara mbili. Akatazama vioo, akapitisha kidole kwenye mipira ya vioo, akachungulia tundu la ufunguo. Kisha akaniuliza, "Ami, wamevunja wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Hii haikuvunjwa. Hii imefunguliwa." Wageni walihitaji karatasi ya polisi kwa ajili ya bima yao ya safari, akawaandikia kwa upole kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaisoma ile sentensi machoni mwa yule mwanamme hata kabla haijatafsiriwa. Gari ikivunjwa kioo, dereva ni mhanga pamoja na mgeni. Gari ikifunguliwa bila alama, dereva ndiye wa kwanza kutazamwa. Kutoka Paje hadi mjini hakusema mtu neno. Mapapasi, vijana wanaowinda wageni mitaani, waliotuona tukishuka Shangani walikuwa wameshajua, sijui habari ilifikaje kabla yetu.

Sikuwatoza nauli ya siku ile, na nikaongeza nilichokuwa nacho. Hawakuniomba. Ila nilitaka walale usiku ule wakijua kwamba sikulichukua mimi.

*

Kesho yake nikaenda Mwanakwerekwe kwa fundi wa umeme wa magari, mzee wa makamo asiyependa maneno. Nilimsabahi, nikamweleza. Nikategemea atachukua bisibisi afungue mlango. Hakuchukua kitu. Akaniambia nifunge kwa rimoti, mwenyewe akasimama ameinamisha kichwa kama anasikiliza adhana ya mbali.

"Umesikia mingapi?"

"Mingapi nini, mzee?"

"Milio."

Mimi nilikuwa nimesikia mlio mmoja tu, ule *krap* ninaousikia miaka yote. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu ndipo nikaanza kuitenganisha: wa mlango wangu, wa mlango wa mbele kushoto, wa mlango wa nyuma wa mizigo. Mitatu. Gari ina milango minne.

Akausukuma ule mlango wa kuteleza, akanionesha kwenye nguzo ya gari vidude viwili vya shaba, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, vinavyobonyea kwa springi. Miaka mingapi naingiza wageni mlango ule, sijawahi kuviona. Milango mingine, akasema, ina waya unaopita kwenye bawaba, wakati wote umeunganishwa. Mlango huu unateleza, kwa hiyo katika gari yangu hauna waya wa moja kwa moja. Ukifungwa, vile vidude vinagusana na vyenzake vya mlangoni na umeme wa sentaloki, ule unaofunga milango yote kwa pamoja, unapita hapo. Vyangu vilikuwa vya kijani.

"Chumvi," akasema. "Ikikaa hapa umeme leo unapita, kesho haupiti. Ndiyo maana hukugundua. Mlango ungekufa moja kwa moja ungeshauleta."

Nilitaka kujitetea kwamba taa zilikuwa zikiwaka kila nikibonyeza, mara moja za kufunga, mara mbili za kufungua. Akaniambia taa zinakujibu wewe kwamba rimoti imesikika. Hazikwambii mlango umefanya nini. Katika gari kama yangu taa na vitasa kila kimoja kina njia yake, na mlango mmoja unaweza kugoma huku taa zinakupepesea jicho.

Halafu akaniuliza kama nina mtoto wa skuli. Nikasema ninao watatu. "Basi kanunue penseli. Ile yenye kifutio kichwani."

Nilidhani ananitania. Nikaenda dukani nikanunua penseli ya shilingi mia mbili, akaichukua, akakisugua kifutio kwenye kile kidude cha kwanza taratibu, kama mtoto anayefuta hesabu aliyokosea. Kijani kikatoka, shaba ikang'aa. Akafanya cha pili, akafanya na vile vya upande wa mlango, akapangusa kwa kitambaa kikavu. Msasa, akasema, unafanya kazi ile ile lakini unachimba, na shaba iliyochimbwa inashika chumvi upesi zaidi. Nikafunga. *Krap*, na huu wa nne ukaja nyuma kidogo, mzito kuliko wenzake. Nimeshausikia mlio huo maelfu ya mara tangu siku ile na kila nikiusikia nalikumbuka lile begi.

*

Penseli haikuishia hapo. Alijaribu kutia ufunguo kwenye mlango wangu mimi dereva, ukaingia kwa shida, ukagoma kuzunguka. Akaunusa. Wallahi aliunusa.

"Umetia nini humu?"

Nikamwambia ukweli: mafuta ya nazi. Kitasa kilikuwa kizito, nyumbani chupa ipo, nikadondosha. Akamwita kijana wake aje asikilize. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa kuwa sina la kufanya.

Sasa hili nalieleza kwa urefu kwa sababu najua si mimi peke yangu. Mafuta ya nazi yanaganda baridi ikishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Mwenye mama au dada anajua: asubuhi za kusi, mwezi wa saba na wa nane, chupa ya mafuta ya nywele inakuwa nyeupe, mpaka uitoe juani. Yale yale yaliyomo kwenye chupa yalikuwa yakiganda ndani ya kitasa changu kila alfajiri na kuyeyuka kila adhuhuri, na kila yakiyeyuka yanakamata mchanga mwembamba wa Paje. Baada ya miezi nimetengeneza sementi yangu mwenyewe. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa haufai nikazoea rimoti peke yake, na kwa kuwa nimezoea rimoti sikuugusa mlango wowote kwa mkono. Ukitaka kujua mwizi wa Paje aliingilia wapi, aliingilia kwenye ile chupa ya mafuta.

Fundi alikisafisha kitasa kwa spreya ya kusafishia, mara tatu, ufunguo unaingia na kutoka na kila ukitoka anaupangusa uchafu mweusi. Kilipokauka akachonga ile penseli, akausugua ufunguo kwa ule weusi wake pande zote mbili, akauingiza na kuuzungusha mara kumi. Weusi wa penseli ni grafiti na udongo wa mfinyanzi, na grafiti inatelezesha bila kuwa na unyevu, kwa hiyo mchanga hauna pa kunasa. Unauzwa na unga wake wa grafiti katika vichupa vidogo, ni bora zaidi, lakini penseli ipo kila duka.

Nikamuuliza kuhusu spreya ya WD-40, maana kila dereva Unguja ana kopo lake chini ya kiti. Hakuikataa. Ile ilitengenezwa Marekani mwaka 1953, na herufi za jina lake zenyewe zinatokana na kazi ya kufukuza maji. 40 ni jaribio la arubaini, lililofaulu. Kufukuza maji inajua. Kitasa kikilowa mvua ya masika, ipulizie. Lakini inakauka, na baada ya wiki kitasa kinabaki kitupu. Ni ya kusafishia, si ya kuishi nayo.

Grisi nzito nayo ina mahali pake: kwenye kile kidude cha chuma kinachoshika mlango ukifungwa, na kwenye reli ya mlango wa kuteleza, kidogo. Ndani ya tundu la ufunguo, hapana.

*

Alipofungua ubao wa ndani wa mlango wa mbele ndipo nikaelewa kwamba kitasa tunachokiona nje ni kama mdomo tu. Nyuma yake kuna vijiti vya chuma vinavyokwenda kwenye kufuli lenyewe ubavuni mwa mlango, na vijiti hivyo vimeshikwa na vibanio vya plastiki. Plastiki ikizeeka kwa joto inakatika, kijiti kinaning'inia, na unaweza kuuzungusha ufunguo mpaka kesho, unajisikia umefunga, kumbe hujafunga. Vibanio viwili vya mlango wangu vilikuwa vimeshapasuka. Bei yake ni ya andazi.

Na chini kabisa ya mlango, ukingoni, kuna vitundu vya kutolea maji. Maji ya mvua yanapita kwenye mpira wa kioo na kuingia ndani, ndivyo mlango ulivyoundwa, yanatakiwa yatokee chini. Vyangu vilikuwa vimezibwa na mchanga na majani ya mivinje. Maji ya masika yalikuwa yakikaa ndani ya mlango, karibu na mota ya sentaloki, yanachemka juani. Kijana wa fundi alivizibua kwa kijiti cha ufagio. Ilitoka supu.

Toka siku ile nimekuwa mtu wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Naosha nguzo za milango, siyo mwili wa gari tu, na naosha kwa maji ya mfereji siku yakitoka. Zamani niliosha kwa maji ya kisima huko huko pwani kabla ya kurudi mjini, nikijiona mjanja. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi. Nilikuwa naondoa chumvi kwa chumvi.

*

Jambo la funguo lilikuja peke yake, Darajani, labda mwaka mmoja baadaye. Nimetoka kununua ndizi, nikakuta mtu mzima ameketi kwenye kiti changu, mlango wazi, anajaribu kuwasha gari. Nikapiga kelele. Akashuka ametahayari kuliko mimi, akanionesha gari yake, rangi moja na yangu, imeegeshwa magari matatu mbele. Aliniambia alianza kushuku alipoona tasbihi kwenye kioo si yake. Ufunguo wake ulikuwa umefungua mlango wangu. Tukaujaribu tena pale pale, watu wamejaa, ukafungua tena. Swichi ya kuwashia ilikuwa imekataa, lakini mlango ulikubali bila kinyongo.

Mzee wa Mwanakwerekwe hakushangaa. Ndani ya kitasa cha gari nyingi hizi za Japani mna visahani vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo wako yanavipanga sawasawa, ndipo kitasa kinazunguka. Gari ikishakula miaka 20, visahani vimelika, meno ya ufunguo yamelika, na kitasa kimekuwa kama mlinzi mzee asiyeona vizuri: anayefanana na mwenyeji anampisha. Ongeza tabia yetu ya kuchonga ufunguo kutoka ufunguo wa pili, ambao nao ulichongwa kutoka wa kwanza uliochoka. Kila nakala inabeba kosa la mwenzake.

Nikabadilisha visahani vya milango miwili ya mbele na nikachongesha funguo mbili upya, moja haitoki nyumbani. Ile ya nyumbani ndiyo mama. Nakala yoyote inatoka kwake. Na ningekuwa na akili ningefanya hivyo siku niliyoinunua gari, maana aliyeniuzia alinikabidhi ufunguo mmoja, na sikuwahi kumuuliza wa pili uko wapi.

*

Wageni wananiuliza sana kuhusu milango ya Mji Mkongwe, na mimi nina hadithi yangu ya miaka yote kuhusu zile njumu za shaba, kwamba asili yake ni India, ya kuzuia tembo. Wanapenda. Siku hizi nawaonesha kitu kingine: ule ubao wa katikati, mfaa, uliochongwa nakshi, ambao mbao mbili za mlango zinakutana nyuma yake. Mwizi hupambana na njumu? Njumu ni za kutazamwa. Anayetaka kuingia anatafuta pale mbao mbili zinapokutana, na hapo ndipo mzee aliyechonga mlango aliweka ubao mnene. Magari yetu hayana mfaa. Yana kioo, mpira, na mazoea ya dereva.

Nami nimejifunza kuyaogopa mazoea kuliko bisibisi. Mtaani kwetu Ramadhani moja jirani aliibiwa betri wakati wa tarawehe. Alichelewa, akabonyeza rimoti huku anakimbilia rakaa ya kwanza, hakugeuka. Betri ya rimoti ilikuwa imechoka. Mwizi alivuta kishikio, akafungua boneti kwa ndani, akafanya kazi yake kwa raha. Alijua muda alionao: wa rakaa nane watatoka mapema, wa ishirini bado wana nafasi, na gari ya jirani yangu ni ya mtu wa ishirini. Na tusimlaumu jirani peke yake. Nchi nyingine wezi wanatumia kifaa cha kuzuia mawimbi ya rimoti: unabonyeza, mawimbi hayafiki, unaondoka. Dawa ya betri iliyochoka na dawa ya kifaa hicho ni ile ile, mkono kwenye kishikio.

Shemeji yangu naye amenunua gari mpya zaidi, ya kufunguka yenyewe akiwa na ufunguo mfukoni. Hizi nazo zina wezi wake: mmoja anasimama karibu na nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo, mwenzake yuko kwenye gari na kifaa cha kuyapokea, gari inadhani mwenyewe amefika. Sijasikia kwetu, lakini shemeji ni mtu wa hofu. Ufunguo wake unalala kwenye kopo la maziwa ya unga, la bati, na kifuniko. Alilijaribu kwanza: akautia ufunguo ndani, akafunika, akalipeleka kopo mpaka ubavuni mwa gari, akavuta. Ikikataa, kopo zuri. Kopo la kwanza lilikuwa na kifuniko cha plastiki, gari ikafunguka.

Kuna kinga nyingine, ya ule ufunguo wenye chipu ambao bila yake injini haiwaki. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa gari mpya kuanzia Oktoba 1998, na ni kitu kizuri. Ila tuko kisiwani. Gari nzima ikiibwa Unguja itabidi ipande chombo ili ifike mbali. Anayenisumbua mimi hataki gari. Anataka begi, betri, redio, na chipu ya injini haimhusu.

Kwa hiyo sasa nikiegesha pwani nafanya hivi. Begi linashuka na mwenyewe, au linaingia nyuma kabla hatujafika, si pale pale watu wakitazama. Naweka mlango wa kuteleza upande wa ukuta au mti kama upo. Nabonyeza, nahesabu milio minne. Halafu nazunguka navuta vishikio vyote, cha nyuma pia. Wageni wengine wanacheka, na mmoja aliniuliza kama ni ibada. Nilimwambia inakaribia.

Vile vidude vya shaba navisugua kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaenda kuoga. Sina kifutio changu. Nachukua penseli kwenye mkoba wa binti yangu wa darasa la tatu na kuirudisha kabla hajaamka. Wiki iliyopita amerudi skuli amenuna: mwalimu amemuuliza kwa nini kila akifuta, daftari linabaki na doa la kijani.